Masika ya Dar si Masika ya Songea

Oktoba moja, miaka kadhaa iliyopita, jirani yangu hapa Mbezi, Dar es Salaam, aliamshwa usiku na kishindo cha mvua juu ya bati, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha kupiga simu Songea, mkoani Ruvuma, kumwagiza msimamizi wa shamba lake apande mahindi. Si mtu wa pupa. Alikuwa amesikia kwenye taarifa ya habari kwamba mvua za vuli zimeanza, na mvua yenyewe alikuwa akiisikia kwa masikio yake. Songea nako yalishuka manyunyu ya siku mbili, mbegu zikachipua, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo. Mvua iliposhika kwelikweli, mwanzoni mwa Desemba, shambani hapakuwa na mche hata mmoja wa kuokoa. Aliponisimulia mkasa huo aliniuliza: "Mwalimu, hivi hii vuli ni ya Tanzania nzima?"

Nimefundisha jiografia ya tabianchi kwa muda mrefu, na swali hilo nimelijibu darasani kwa michoro na ramani mara nyingi, lakini sijawahi kuliandika kwa ajili ya mtu mwenye shamba mbali na anakoishi. Jibu fupi ni hapana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania yenyewe hutoa utabiri wa aina tatu tofauti: wa Vuli, unaohusu Oktoba hadi Desemba, wa Masika, unaohusu Machi hadi Mei, na wa Msimu, unaohusu Novemba hadi Aprili. Viwili vya kwanza ni vya maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani pwani ya kaskazini pamoja na Dar es Salaam, visiwa vya Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki na Kanda ya Ziwa Viktoria. Utabiri wa Msimu ni wa maeneo yanayopata mvua mara moja tu, na hayo ndiyo sehemu kubwa ya nchi: Dodoma, Singida, Tabora, Rukwa, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara. Songea haina vuli. Manyunyu ya Oktoba huko ni mvua ya kupita njia.

Kinacholeta mkanganyiko zaidi ni lugha yetu wenyewe. Mtu wa Mbeya au Songea akisema "masika" mara nyingi ana maana ya kipindi chote cha mvua, tangu Desemba hadi Aprili, na akisema "kiangazi" ana maana ya miezi yote iliyobaki. Mtu wa Dar es Salaam akitamka neno lilelile anafikiria Machi, Aprili na Mei. Wawili hawa wanaweza kuzungumza kwa simu nusu saa kuhusu masika, wakaelewana kila neno, na bado kila mmoja akawa na kalenda yake kichwani. Kwa maoni yangu neno hilo halipaswi kutamkwa katika mazungumzo ya kilimo bila kutaja mahali.

Sababu ya kwanza ya tofauti hii ni mwendo wa kile ambacho watabiri wetu wanakiita ukanda mvua, yaani mshipi wa mawingu unaojengeka pale ambapo pepo za kaskazini na pepo za kusini zinakutana, hewa ikakosa pa kwenda isipokuwa juu. Ukanda huo hulifuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Kuanzia Oktoba huteremka kuelekea kusini na kupita juu ya maeneo ya kaskazini, ndiyo vuli. Machi hadi Mei hupita tena ukirejea kaskazini, ndiyo masika. Kusini mwa nchi, kwenye nyuzi kumi na kumi na moja za latitudo, ndiko karibu na ukingo wa safari yake: unapofika hukaa, na safari ya kwenda na ya kurudi zinaungana kuwa msimu mmoja.

Maelezo hayo ndiyo yaliyomo katika vitabu vya shule, nayo ni sahihi, lakini hayatoshi, na ushahidi wa kutotosha kwake uko karibu sana nasi. Mji wa Zanzibar na mji wa Dodoma viko katika latitudo moja, takriban nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta. Jua linavipitia siku moja. Hata hivyo Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka katika vipindi viwili, na Dodoma hupata chini ya milimita 600 katika kipindi kimoja. Kama latitudo ingekuwa ndiyo bwana, miji hii miwili ingelima mazao mamoja.

Njia nzuri ya kuiona sababu ya pili ni kupanda treni ya mwendokasi asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na kukaa dirishani. Safari ni ya kuelekea magharibi karibu moja kwa moja, kwa hiyo latitudo haibadiliki sana. Kinachobadilika ni mwinuko na mahali milima ilipo. Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, hupata wastani wa takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Ukishavuka Ruvu minazi inaanza kuadimika, na baada ya Ngerengere inaonekana kushoto milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinazidi mita 2,600.

Hapo ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu Uluguru ni darasa zima. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu hausimamishwi na kitu cha maana katika uwanda wa pwani. Unapoufikia mlima hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa. Ikipoa haiwezi tena kuushika mvuke wote iliokuwa nao, mvuke unakuwa mawingu, na mawingu yanamwaga mvua upande uleule wa mashariki. Ndiyo maana Kinole na Matombo, vijiji vya upande unaotazama bahari, vina migomba, mananasi, karafuu na mdalasini, na miteremko ya huko hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa ikishavuka kilele inashuka upande wa pili ikiwa imekwisha kutua mzigo, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Mlali na Mzumbe, kilomita chache tu upande wa magharibi, ziko katika kivuli cha mvua, na mkulima wa huko anapanda kwa hesabu nyingine kabisa. Mambo ni hayohayo Usambara, Pare, Nguru na Udzungwa, milima yote hii ikiwa sehemu ya Tao la Mashariki. Na Kilimanjaro nao, wenye mita 5,895, una Machame na Marangu zenye maji upande wa kusini, na Rongai iliyo kavu zaidi upande wa kaskazini.

Baada ya Morogoro reli inaingia Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa, ambako mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliikata reli ya zamani na kuwahamisha watu. Wengi hushangaa kwamba maji hayo yalitoka upande mkavu. Mkondoa hupokea maji ya Kinyasungwe, mto unaotokea Dodoma na Mpwapwa, ambako ardhi haina mimea mingi ya kuyazuia maji na mvua ya mwezi mzima inaweza kunyesha kwa siku mbili tatu. Ukame na mafuriko si maadui. Katika bonde hili ni ndugu.

Kisha treni inapanda, mibuyu na miiba inajitokeza, na unafika Dodoma, mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mtama, uwele, alizeti na zabibu vinastahimili kile ambacho mahindi hayastahimili. Mashariki yake iko Kongwa, mahali ambapo Waingereza walianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga uliokuja kuachwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, zikiwemo mashine zisizofaa na udongo unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, lakini kwangu kosa lililo kubwa ni kuamini kwamba wastani wa mvua unatosha kumwambia mtu alime nini. Wastani hauonyeshi mtawanyiko. Milimita 500 zinazoshuka kwa mpangilio ni chakula. Zikishuka zote Januari, kisha Februari ikawa kavu, ni njaa.

Kwa nini basi Dodoma haipati masika ya Aprili na Mei kama sisi? Kwa sababu masika ya pwani yanategemea pia kusi, upepo unaoanza kushika nguvu Aprili na kuleta unyevu wa bahari, na unyevu huo sehemu kubwa huishia kwenye milima niliyoitaja. Mvua ya bara hutegemea zaidi Desemba hadi Machi, wakati ardhi ya ndani imepata joto kali, mgandamizo mdogo wa hewa umejengeka, na hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo inaweza kufika hadi katikati ya nchi. Miezi hiyohiyo sisi wa pwani tuko katika kaskazi, upepo unaotoka upande wa Arabuni ukiambaa na mwambao badala ya kuingia bara, na ndiyo maana Januari na Februari Dar es Salaam ni jua na jasho huku Tabora ikiwa kwenye tope.

Kanda ya Ziwa ina mambo yake, na inastahili makala nzima. Nitataja moja tu: Bukoba hupata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza, kwa kuwa upepo wa kusini mashariki huchota unyevu katika upana wote wa ziwa kabla ya kuifikia.

Tofauti hizi zinaathiri pia namna ya kusoma habari za El Niño, yaani ongezeko la joto la maji ya Bahari ya Pasifiki linalovuruga mvua hadi kwetu. Mwaka 1997 na 1998 mvua zake zilivunja madaraja na barabara, na tangu hapo kila likitajwa jina hilo watu nchi nzima hujiandaa kwa mafuriko. Uhusiano ulio imara ni ule wa El Niño na vuli, hasa ikiambatana na joto la juu kuliko kawaida katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Kusini mwa nchi uhusiano huo hulegea, kwa sababu huko tunakaribia ukanda wa kusini mwa Afrika ambao katika mwaka uleule mara nyingi hupata ukame. Mkulima wa Ruvuma anayesikia "El Niño" akiwa Dar es Salaam asiongeze ekari kwa sababu hiyo pekee.

Na sisi wa jiji tusidhani kwamba mvua ya mahali pengine haituhusu. Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia katika mgao wa maji kwa sababu mto Ruvu, unaotoka Uluguru, ulikuwa umepungua. Maji ya bomba ya Mbezi, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyonyesha Uluguru.

Jirani yangu bado analima Songea. Novemba iliyopita ilinyesha hapa Mbezi siku nne mfululizo, nikamwona akisogeza mapipa chini ya mchirizi wa bati. Nilimuuliza kama wameshapanda. Akasema msimamizi wake alikuwa amechimba shambani kwa jembe asubuhi ile, na chini ya kina cha kiganja udongo ulikuwa bado vumbi.