Je, wajua kwa nini mota ya umeme iliyo bapa inaipiga bao ile ndefu?

Kuna kampuni ya Uingereza inaitwa YASA, ilizaliwa 2009 kutokana na utafiti wa Tim Woolmer pale Chuo Kikuu cha Oxford, na tangu 2021 iko mikononi mwa Mercedes-Benz. Mwaka 2025 hawa jamaa walitangaza mota yao ya kilo 12.7 imefikisha kilowati 750 kwenye majaribio, yaani kama hospawa elfu moja hivi, kwenye kitu unachoweza kukinyanyua mwenyewe! Ukweli usemwe, hiyo ni nguvu ya kilele, ya muda mfupi tu, ikiendeshwa mfululizo wao wenyewe wanakadiria kilowati 350 mpaka 400. Bado ni balaa.

Sasa inawezekanaje? Jibu kubwa liko kwenye umbo.

Mota tulizozoea, za pampu za maji mpaka magari mengi ya umeme, rota yake ni silinda inayozunguka ndani ya stata, hiyo sehemu yenye koili ambayo haizunguki. Mota bapa ni diski zinazotazamana uso kwa uso. Wazo lenyewe la zamani mno, jenereta ya Michael Faraday ya 1831 ilikuwa diski ya shaba inayozungushwa kwenye sumaku.

Faida ya diski ni kwamba msukumo wa sumaku unatokea mbali na shafti. Umeshamuona fundi nati ikigoma, anachomeka bomba kwenye spana iwe ndefu halafu nati inalegea bila kelele? Ndo hivyo hivyo. Kwa makadirio, silinda ukiiongezea kipenyo mara mbili bila kugusa urefu, msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, unapanda mara nne, diski unapanda mara nane. Hata pikipiki za umeme zenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, ingawa nyingi si za diski, sumaku zake zimepangwa nje kabisa karibu na rimu kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna chuma. Stata ya kawaida ina gamba zito la chuma nyuma ya koili, kazi yake kuurudisha mkondo wa sumaku, lakini YASA waliiweka stata katikati ya rota mbili, mkondo unaingia upande huu unatokea ule, kwa hiyo gamba wakalitupa. Uzito ukashuka, na joto pia, maana chuma kinachogeuziwa sumaku kila mara kinakula umeme.

Mbona basi hazijajaa kila mahali? Kuzitengeneza ni kazi! Nafasi kati ya diski ni kama milimita moja, na sumaku zinavutana kwa nguvu ya kutisha, ukikosea kidogo tu vinagusana.

Cha kufurahisha, kwenye jenereta za umeme wa upepo mambo yamerahisishwa. Hugh Piggott wa Scotland amefundisha watu kujijengea tabaini kwa diski mbili za chuma zilizobandikwa sumaku, katikati koili za shaba zilizogandishwa kwenye rezini, stata haina chuma kabisa. Kwa kuwa hakuna chuma cha kung'ang'aniwa na sumaku, panga zinaanza kuzunguka hata kwa upepo mdogo, na giaboksi haihitajiki. Gharama inahamia kwenye sumaku za neodimiamu, zinatakiwa nyingi, na sehemu kubwa ya sumaku hizo duniani inatoka China.