Mswada Huu Unahusu Kaunti?

Kazi yangu ni kuandika miswada. Wenye wazo huniletea wazo, nami hulitafutia vifungu. Watu wanaofuatilia Bunge la Kenya huniuliza kwanza kura zitaangukia wapi. Mimi huanza na swali jingine: je, mswada huu unahusu kaunti? Jibu lake ndilo linaloamua mswada utapita wapi, nani ataupigia kura na kura zitahesabiwaje.

Katiba ya 2010 ilitupa mabunge mawili ndani ya Bunge moja. Bunge la Taifa lina wajumbe 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina 67: maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Tulikuwa na Seneti wakati wa uhuru, 1963, lakini haikudumu hata miaka mitano. Iliporudi baada ya uchaguzi wa 2013, ilipewa jukumu la kulinda kaunti na serikali zao.

Sasa, kuhusu kaunti maana yake nini? Jibu limo hasa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa ni za serikali kuu; zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Sera ya kilimo iko juu, kilimo chenyewe kiko chini. Kwa hiyo ni vigumu mno kuandika mswada wa afya au kilimo usiogusa kaunti, hata kama mwenye wazo anaapa kwamba ni jambo la kitaifa. Nimebishana juu ya hili mara nyingi, na bado naamini ni heri kubishana mapema kuliko mahakamani.

Maana mahakamani tumefika. Panapozuka swali hilo, Katiba inawataka Maspika wawili walitatue pamoja kabla bunge lolote kuujadili mswada. Mwaka 2013 Bunge la Taifa lilipitisha sheria ya mgao wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti bila kumalizana na Seneti, na Mahakama ya Juu ikashauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa sababu zilipitishwa bila Seneti. Mahakama ya Rufaa ilikuja kutengua sehemu ya uamuzi huo mwaka uliofuata, lakini kwa miezi kadhaa sheria hizo zilining'inia.

Mswada usiohusu kaunti humalizikia Bunge la Taifa. Husomwa mara ya kwanza kwa kichwa tu, huenda kwenye kamati, hujadiliwa ukisomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge Zima, kisha husomwa mara ya tatu. Kwa macho yangu, hatua ya kamati ndiyo yenye uzito. Huko ndiko wananchi hutoa maoni yao, jambo ambalo Katiba inalilazimisha, na huko ndiko neno moja linaweza kugeuza wajibu kuwa hiari. Ukitaka kusikika, nenda wakati huo. Usingoje siku ya kura.

Ukihusu kaunti, mabunge yote mawili lazima yaupitishe. Seneti hapo haihesabu vichwa: kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, yaani maseneta wanaoiwakilisha, na mswada hupita kwa kura zisizopungua 24. Lamu, iliyokuwa na watu wasiofika 150,000 katika sensa ya 2019, ina kura sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni 4. Wengine huona hilo ni dhuluma kwa wenye watu wengi. Mimi naona ndiyo sababu ya kuwa na Seneti.

Mabunge yasipokubaliana, Maspika huunda kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka kila upande. Ina siku 30. Ikishindwa, au bunge moja likikataa nakala iliyoafikiwa, mswada umekufa. Ndivyo ilivyokuwa 2019 kwenye mgao wa mapato: upatanishi ulivunjika, mswada mpya ukaletwa, na kaunti zikasubiri hadi Septemba ndipo ikakubaliwa shilingi bilioni 316.5. Huku chini, kusubiri huko ni mishahara na dawa.

Mswada uliopita humfikia Rais, mwenye siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake. Bunge linaweza kuurekebisha kufuata sababu hizo, au kuupitisha tena kama ulivyokuwa kwa theluthi mbili. Na kama unahusu kaunti, theluthi mbili ya jumbe za Seneti pia. Hapo Rais ana siku 7, na asipotia saini huwa sheria hivyo hivyo. Huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, na huanza kutumika siku ya 14 baadaye, isipokuwa sheria yenyewe imetaja siku nyingine.