Kitambaa cha mezani sokoni: tunayoamini na yaliyo kweli

Asubuhi katika soko la Virunga, hapa Goma, mama muuza nyama huanza kazi kwa kupangusa meza. Anachovya kitambaa ndani ya ndoo, anakikamua, anakipitisha mara mbili, na ubao unang'aa. Jua likifika utosini, kitambaa kilekile kimeshapangusa damu, kisu, mizani na mikono yake, na maji ya ndoo yamegeuka rangi ya udongo. Wateja tunasema, huyu mama ni msafi. Na kweli anajitahidi. Lakini dhana potofu ya kwanza ndiyo hiyo: kwamba kupangusa ni kusafisha.

Kitambaa kichafu hakiondoi bakteria, kinawasambaza. Bakteria kama E. coli, wakipata unyevu, chakula na joto, huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Chukua mmoja tu saa 2 asubuhi. Kwa mwendo huo, saa 9 alasiri wamepita milioni 2. Sokoni hawapati raha hiyo kila dakika, ila pia hawaanzi na mmoja.

"Nyama hainuki, basi ni nzima." Hapana. Bakteria wanaoozesha nyama na kuitia harufu mara nyingi si wale wanaotuumiza tumbo. Salmonella hukaa juu ya nyama nyekundu, nzuri, isiyo na harufu yoyote.

Dhana iliyozama sana vichwani mwetu ni hii: "Moto utaua vyote." Nyama ikiiva hadi ndani, nyuzi 70 na kuendelea, bakteria wengi hufa, hilo ni kweli. Tatizo ni vile visivyopita motoni. Mteja anaomba akatiwe nanasi, kisu ni kilekile kilichotoka kwenye nyama. Nyumbani nako, kuku anakatwa kwenye ubao, ubao unamwagiwa maji kidogo, kisha nyanya na vitunguu vya kachumbari vinafuata hapohapo. Kuku ataiva vizuri. Kachumbari ndiyo itakayolaza watoto. Tena kuna bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye vidonda vya vidole. Akizaliana ndani ya chakula anaacha sumu, na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mwenye kidonda mkononi akifunge vizuri kabla ya kushika chakula.

Wengine wanalaumu mbao: "Nunua ya plastiki, ndiyo safi." Mtafiti Dean Cliver wa Marekani alilichunguza jambo hili akakuta bakteria wanazama ndani ya mbao na wengi wao wanafia humo, huku plastiki iliyochanjwachanjwa na kisu ikiwa ngumu kusafisha. Uwe na wa mti au wa plastiki, ukishajaa mifereji ya kisu, badilisha.

Javeli, ile dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, nayo tunaitumia vibaya. Tunaimimina juu ya damu na mafuta, tukidhani harufu yake ndiyo usafi. Uchafu huimaliza nguvu kabla haijawafikia bakteria. Kwanza sabuni na kusugua, halafu suuza, ndipo javeli iliyochanganywa na maji, iachwe dakika kadhaa. Na tafadhali, usiichanganye kamwe na ndimu au siki, maana hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu.

"Maji ya ziwa ni maangavu." Goma tunaijua kolera kuliko miji mingi, mwaka 1994 iliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi hapa. Bakteria wake haonekani hata katika maji maangavu kabisa. Bidoni, yaani dumu, ya maji ya Ziwa Kivu isiyotiwa klorini ikisuuza ubao, meza imepakwa upya kile tulichotaka kuondoa.

Simlaumu mama wa nyama. Anainunua bidoni, na kila ndoo anayomwaga ni faida inayopungua. Wa kulaumiwa ni wanaotoza ushuru wa meza kila siku bila kuweka bomba karibu na meza hizo. Bomba lisipokuwepo, bado kuna la kufanya: kisu cha nyama kisiguse matunda, ndoo ya mikono iwe mbali na ndoo ya meza, na vitambaa viwe viwili au vitatu. Kilichochafuka kifuliwe kwa sabuni, kitandazwe juu ya mawe meusi ya volkano yaliyojaa kila mahali hapa. Siku ya jua hukauka upesi, na bakteria hawapendi ukavu.