Upungufu wa G6PD: kwa nini kipimo kinaweza kukosea

G6PD ni nini?

Ni kimeng'enya kinachovunja sukari kwa njia ya pembeni na kuzalisha NADPH, molekuli ya kulinda seli. NADPH huirudishia glutathioni, kinga nyingine ya seli, uwezo wa kuzima kemikali kali za oksijeni. Seli nyingine zina njia zaidi ya moja ya kuipata. Chembe nyekundu ya damu, isiyo na kiini wala mitokondria, inategemea hii tu. Kimeng'enya kikipungua, kisha ikaingia dawa isiyofaa, himoglobini huharibika na chembe hupasuka.

Ilijulikanaje?

Kupitia dawa ya malaria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walijaribu primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, na baadhi ya Wamarekani weusi wakapungukiwa damu. Kati ya watafiti hao alikuwemo Ernest Beutler, daktari aliyezaliwa Berlin mwaka 1928. Walichukua chembe za mtu anayedhurika, wakazitia alama ya kromiamu yenye mnururisho, wakamwongezea mtu asiyedhurika, kisha wakampa dawa. Chembe za kuongezewa zilipasuka, zake zikabaki. Kumbe kasoro imo ndani ya chembe yenyewe! Mwaka 1956 ikabainika kuwa kinachopungua ni G6PD. Maarifa haya yamelipiwa na damu ya watu waliokuwa kifungoni, na hilo lisisahaulike.

Mwanangu aliishiwa damu wiki iliyopita, lakini kipimo kinasema yuko sawa. Inakuwaje?

Swali hili ndilo linalowapoteza wengi. Katika aina iliyoenea Afrika, chembe changa huzaliwa na kimeng'enya cha kutosha, ila kimeng'enya hicho huchakaa upesi kadiri chembe zinavyozeeka. Dawa huua chembe kongwe. Zinazobaki ni changa, na uboho unaongeza nyingine mpya. Ukipima siku hizo unapima chembe changa tupu, na jibu linatoka zuri. Rudia baada ya miezi 3 hivi, maana chembe nyekundu huishi siku 120 kwa wastani. Aliyeongezewa damu naye asubiri vivyo hivyo, la sivyo utapima damu ya mchangiaji.

Joto la Dar nalo huharibu jibu, safari hii kwa upande wa pili. Sampuli ikishinda mezani bila ubaridi, kimeng'enya hufa na mzima huonekana mgonjwa. Damu iwekwe kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na isipopimwa mara moja ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Wanawake je?

Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mvulana hurithi kwa mama. Mwanamke ana X mbili, lakini kila seli hutumia moja. Mwaka 1962 Beutler na wenzake walionyesha hilo kwa kutumia kimeng'enya hikihiki. Hivyo mwanamke anaweza kuwa na chembe za aina mbili. Kipimo cha tone la damu linalong'aa chini ya taa ya urujuanimno hunasa tu walio na kimeng'enya chini ya asilimia 30 ya kiwango cha kawaida. Mwenye asilimia 50 hupita, naye anaweza kudhurika. Omba kipimo kinachotoa namba.

Niepuke nini?

Dapsoni, nitrofurantoini, methilini bluu, na primakwini ya siku 14. Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo (miligramu 15 kwa mtu wa kilo 60), Shirika la Afya Duniani liliiruhusu mwaka 2012 bila kupima G6PD. Dawa mseto ya malaria, ALU, haina tatizo. Maharage ya fava ni hatari. Maharage yetu ya kawaida, kunde na choroko kula tu. Vidonge vyeupe vya nafthalini vya kuweka kabatini usivitumie kabisa kwenye nguo za mtoto.

Hatari huonekana siku 1 hadi 3 baada ya dawa: mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho ya njano, kuhema, maumivu ya mgongo. Acha dawa hiyo na uwahi hospitali.

Na kichanga mwenye manjano?

Kumwanika juani asubuhi si tiba. Bilirubini, rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu zilizopasuka, ikipanda sana huingia kwenye ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Anahitaji kupimwa bilirubini na, ikibidi, taa za bluu. Manjano yakianza ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, mpeleke siku hiyohiyo hospitali; kwa Dar ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, hata kama ni usiku.