Mayai yamejaa jikoni: maswali na majibu kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Ukiwa na kuku chotara nyuma ya nyumba, iwe Uyole, Makambako au Mafinga, zipo wiki ambazo wote wanataga kwa pamoja. Ndoo inajaa, na mnunuzi wa jumla anakukatia bei ya trei hadi unaona afadhali mayai yabaki nyumbani. Maswali yanayofuata ndiyo yanayojirudia kwa familia zilizofika hapo.

Yamezidi. Nianze kumlisha nani?

Mtoto. Kabla ya keki na kabla ya kuwagawia majirani, anza na mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa umri huo nchini Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9 na Njombe 50.4, mikoa ileile inayolisha miji kwa mahindi, viazi na maharage. Chakula kipo, ila sahani ya mtoto mara nyingi ina ugali mwingi na mboga kidogo, au uji mweupe asubuhi hadi jioni. Tumbo linajaa, lakini mwili unakosa vya kujengea. Kuharisha mara kwa mara nako kunachangia, kwa hiyo yai peke yake halimalizi udumavu. Hata hivyo yai moja lina takriban gramu 6 za protini, vitamini A na B12, na kolini inayohitajika katika kukuza ubongo. Trei nzima kupanda basi kwenda Dar es Salaam wakati mtoto wa mfugaji anakunywa uji mtupu ni hesabu mbaya, hata kama bei ingekuwa nzuri.

Aanze akiwa na umri gani?

Miezi sita, pale anapoanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Lichemshe hadi liive kabisa, uliponde, uchanganye na viazi au parachichi lililoiva. Mpe kiini na ute. Ule ushauri wa zamani wa kumficha ute hadi afikishe mwaka umeshaachwa. Siku ya kwanza mpe kidogo, asubuhi, ili upate muda wa kumwangalia. Akitokwa na vipele, akitapika au akivimba midomo, acha mayai na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, usingoje kitu.

Ukitaka kulikorogea kwenye uji, litie uji ukiwa bado jikoni, kisha uache uchemke tena dakika kadhaa. Kulipasulia kwenye bakuli la uji ulioipuliwa hakuliivishi.

Bibi anasema mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Nywele za mtoto zinatokana na urithi wa wazazi wake. Mjamzito anahitaji protini na kolini zaidi kuliko alivyohitaji kabla ya mimba, na kumnyima yai wakati yamejaa ndoo ni kumwonea. La kusisitiza ni kwamba liwe limeiva.

Niyachemshe dakika ngapi?

Hapa wengi wanakosea kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema yakiwa na joto dogo zaidi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Njombe iko juu zaidi, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi chini kidogo ya hapo. Ndiyo maana maharage yanakula kuni nyingi huku, na mgeni kutoka Dar hudhani jiko lako ni bovu.

Yai nalo linacheleweshwa vilevile. Liweke kwenye maji baridi, na yakianza kuchemka hesabu dakika 12 hadi 15. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka joto lake halipandi tena. Kinachosaidia ni muda. Lililoiva, kiini chake kimekauka na kinakatika. Ukiona duara la kijani kuzunguka kiini usiogope: ni madini ya chuma na salfa vimekutana kwa sababu yai limekaa sana motoni. Halina madhara.

Chipsi mayai ya nyumbani pia iangalie. Zege hugeuka rangi nzuri juu na chini huku katikati ute bado unateleza. Punguza moto, funika kikaango, subiri.

Na yai bichi na asali kwa mgonjwa au mtu wa mazoezi?

Sishauri. Bakteria wa salmonela wanaweza kuwa ndani ya yai hata kama ganda ni safi kabisa, na asali au limao si wa kutegemewa kuwaua. Halafu faida yenyewe ni ndogo: mwili unanyonya karibu nusu tu ya protini ya yai bichi, wakati ya yai lililopikwa unanyonya takriban asilimia 90. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka ndiye wa mwisho kupewa yai bichi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, iwe na yai au bila yai.

Hatuna friji. Yanakaa muda gani?

Baridi ya kwetu inasaidia. Yai safi ambalo halijaoshwa, likiwekwa mahali pakavu pa ubaridi, mbali na jiko na jua, hukaa wiki mbili hadi tatu. Usiyaoshe mapema: ganda lina utando mwembamba unaoziba vitundu vyake, na maji yanauondoa. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu; lililochafuka sana au kupasuka usilihifadhi. Andika tarehe kwa penseli, elekeza ncha chini, na ya zamani yatangulie kupikwa.

Likishachemshwa mambo yanabadilika. Bila friji liliwe ndani ya saa mbili, kwenye friji wiki moja. Mwenye friza anayetaka kugandisha mayai mabichi ayapasue na kuyakoroga kwanza, kwa sababu yai zima likiganda hupasuka.

Likielea kwenye maji ni viza?

Ni la zamani, kwa sababu nafasi ya hewa ndani imekua. Lipasulie kwenye kikombe peke yake, harufu itakuambia. Lakini kuzama hakuthibitishi kwamba halina salmonela. Lipike tu.

Nasikia watu wanayahifadhi kwenye siki.

Kwenye friji tu, na ndani ya muda mfupi. Mwaka 1997, huko Illinois, Marekani, mtu aliugua botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, baada ya kula mayai ya siki ya nyumbani yaliyokuwa yametobolewa na kuachwa nje ya friji.

Nina presha. Ngapi kwa siku?

Mtu mzima mwenye afya anaweza kula moja kila siku. Kiini kina lehemu (kolesteroli), lakini kwa watu wengi lehemu ya damu inasukumwa zaidi na mafuta yanayoganda. Kwa hiyo tazama kikaango kabla ya kulaumu yai. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au lehemu nyingi aulize kwanza kliniki anakotibiwa.

Yanaongeza damu?

Si kama inavyodhaniwa. Chuma cha yai ni kidogo na hakinyonywi vizuri. Mwenye upungufu wa damu ategemee maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na pera au chungwa, na chai aiache mbali na mlo.

Watoto wameyachoka ya kuchemsha.

Yakatekate ndani ya mchicha au majani ya maboga dakika za mwisho. Pika mchuzi wa nyanya utie mayai yaliyomenywa, mle na ndizi za Tukuyu au wali. Katlesi za viazi zinakula mayai mengi kuliko unavyodhani, na chapati za maji zenye mayai mawili matatu zinabebeka hadi shuleni.

Nimewapa kuku dawa. Mayai ya siku hizo?

Soma kopo au pakiti: dawa nyingi za antibayotiki zina idadi ya siku ambazo mayai hayafai kuliwa, na siku hizo zinahesabiwa baada ya dozi kuisha. Kama maandishi yamefutika, muulize afisa mifugo wa kata. Mayai hayo msile, msiuze wala msimpe jirani, yafukieni shimoni.