Maji maangavu si lazima yawe salama: maswali na majibu

Dunia imejaa maji. Mbona tunaambiwa hayatoshi?

Mengi ni ya chumvi. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ni kama asilimia 2.5 tu ya maji yote duniani, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo ni barafu. Sehemu kubwa ya yaliyobaki iko chini ya ardhi. Ya mito na maziwa ni kidogo mno, na ndiyo tunayoyagombania. Kilimo peke yake huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yote yanayochotwa.

Hilo linahusianaje na afya yangu?

Mto ukipungua, uchafu unaomwagwa humo haupungui, unabaki uleule ndani ya maji machache. Kisima kikikauka, watu huhamia kwenye dimbwi wanalonywea mifugo. Mabomba ya mgao nayo, maji yakikatika, hufyonza uchafu kupitia nyufa. Na ndoo ikiwa moja kwa siku nzima, kinachoachwa kwanza ni kunawa mikono. Hapo ndipo tunapopokea kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo.

Maji yetu ni meupe kabisa. Kuna haja ya kuyachemsha?

Ndiyo. Vijidudu havionekani kwa macho. Mama mmoja alikuja kwetu hospitalini na mtoto aliyehara siku mbili, akaja pia na chupa ya maji ya kisimani. Akaiinua dirishani: "Tazama mwenyewe, hayana hata doa." Kweli, hayakuwa na doa. Nikafinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imesimama kabla ya kurudi polepole. Macho yalikuwa yamezama. Mtoto alikuwa ameishiwa maji mwilini. Maji maangavu yanaweza kuwa na kinyesi ndani yake. Samahani kulisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Lakini tumeyanywa miaka yote, na ni matamu.

Utamu si kipimo. Mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika eneo moja la London, wengi wao wakiwa wamekunywa maji ya pampu ya mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alikuta hata mjane aliyekuwa amehama kutoka huko, akaendelea kuletewa maji hayo kwa sababu aliyapenda kuliko mengine. Naye alikufa. Kisima chenu kilichokuwa salama mwaka jana kinaweza kuingiliwa na choo leo, bila rangi wala ladha kubadilika.

Nikiyachuja yakawa maangavu, si inatosha?

Haitoshi. Narudia: haitoshi. Kitambaa huondoa tope, hakiondoi vijidudu. Chuja kwanza, kisha chemsha hadi yatokote kwa dakika 1 nzima (dakika 3 kama mnaishi juu ya mita 2,000). Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Inaudhi kuona mtu amechoma kuni kuchemsha maji, kisha kila anayepita anazamisha kikombe na vidole ndani ya ndoo. Na jueni kwamba kuchemsha hakuondoi kemikali wala chumvi, kwa hiyo maji ya namna hiyo yanahitaji chanzo kingine.

Mtoto akianza kuhara nifanye nini?

Anza kumpa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) papo hapo, iliyochanganywa kwenye maji yaliyotibiwa, na uendelee kumnyonyesha. Ukikosa pakiti, tumia lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Usimnyime maji eti tumbo likauke.

Nimpeleke lini hospitali?

Sasa hivi, akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiharisha damu au choo chembamba kama maji yaliyooshea mchele. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache. Ikiwa ni usiku, njooni usiku, na njiani mwendelee kumnywesha ORS kidogo kidogo.