Vidonda vya tumbo: yanayosemwa mitaani na jinsi utando unavyojijenga upya

Dhana: Vidonda vya tumbo haviponi, hutulizwa tu.

Vinapona. Utando wa ndani wa tumbo hujijenga upya kwa kasi kubwa: seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Ukichubuka juu juu, seli za pembeni hujinyoosha na kutambaa hadi zikaziba pengo ndani ya saa chache, kabla hata seli mpya hazijazaliwa.

Kidonda chenyewe ni kazi nzito zaidi, kwa sababu kimechimba utando wote hadi tabaka la chini yake. Kwanza kitako chake hujaa nyama changa yenye mishipa midogo mipya ya damu. Ndipo seli za ukingoni huongezeka na kusonga juu ya nyama hiyo, vijitezi vikachipua tena, na chini likabaki kovu. Dawa ya kupunguza asidi ikitumiwa ipasavyo, kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo hufunga kwa wiki 4 hadi 8, na cha tumboni kwenyewe kwa wiki 8 hadi 12.

Imani kwamba haviponi imetokana na kurudiwa. Kidonda kilichosababishwa na bakteria wa H. pylori kikifungwa kwa dawa ya asidi peke yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Bakteria wakiuawa, kurudiwa huwa nadra.

Dhana: Maumivu yakiisha, kimepona.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Asidi ikipungua, maumivu hutulia baada ya siku chache huku kidonda kingali wazi. Mgonjwa huacha dawa, bakteria waliosalia huzaliana, na safari hii huenda ni wale waliokwisha kuzoea dawa. Antibaiotiki humalizwa zote, kwa kawaida siku 14. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ya miligramu 20 humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula, maana huzima pampu za asidi zinazoamshwa na kula. Ukiimeza baada ya kushiba, nguvu yake hupungua.

Baada ya hapo pima. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi kifanyike angalau wiki 4 baada ya antibaiotiki kuisha, na wiki 2 bila omeprazoli, la sivyo kinaweza kuonyesha kwamba bakteria hawapo ilhali wapo. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii: kinga inayopimwa hubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Watu wamemeza antibaiotiki mara ya pili na ya tatu bure kwa sababu ya majibu hayo.

Dhana: Chanzo ni pilipili na kukaa na njaa.

Pilipili inaweza kuwasha kidonda kilichopo, lakini vyanzo vikuu ni viwili: H. pylori, waliooteshwa maabara mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Dhana: Diklofenaki ya sindano haidhuru, kwa kuwa haipiti tumboni.

Hudhuru kupitia damu. Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazouamuru utando utoe ute na bikaboneti (chumvi inayozima asidi) na kuufikishia damu ya kutosha. Ndani ya tumbo asidi ni kali sana, pH 1 hadi 2, ilhali chini ya ute, juu ya seli, hali hukaribia pH 7, yaani karibu haina asidi. Ngao hiyo ikikonda, asidi huzifikia seli, na mishipa mipya ya kidonda nayo huchelewa kuota. Mwenye kidonda amwombe daktari dawa nyingine. Parasetamoli mara nyingi hutosha. Sigara pia huchelewesha kupona.

Dhana: Maziwa hufunga kidonda.

Hutuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake huchochea asidi zaidi.

Dhana: Ukishapata nafuu, kamera ya kuangalia ndani ya tumbo haina haja tena.

Kwa kidonda cha tumboni, daktari mara nyingi hurudia kamera baada ya wiki 8 hadi 12, kwa kuwa baadhi ya saratani huonekana kama kidonda cha kawaida na hata hupata nafuu kidogo kwa dawa ya asidi. Kutapika damu, kinyesi cheusi kinachonata au maumivu makali ya ghafla yanayokaza tumbo havisubiri miadi: ni hospitali saa hiyo hiyo.